Mgambo wa Bwana Kanga na Majirani wa Mikono Mitupu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala njaa. Wewe uliyeegemea mlango, amka. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaelewana.

Hapo zamani za kale, Bwana Kanga na Bi Kanga waliishi ukingoni mwa bonde lenye nyasi ndefu. Bi Kanga akitaga, Kicheche anakula. Akitaga tena, Kicheche anakula tena, na maganda anayaacha mlangoni, kwa dharau. Bwana Kanga akachoka. Akasema anataka mlinzi.

Basi akapita Ngedere. Ngedere mnamjua, hana kazi ila kuokota vya watu na kuvigawa. Siku hiyo kwapani alikuwa amebana mtoto wa mbwa mwitu. Kundi lao lilikuwa limehamia ng'ambo ya milima, huyu akasahaulika shimoni, macho ndiyo kwanza yamefunguka.

"Mzuri huyo," akasema Bi Kanga.

Ngedere hakungoja neno la pili. Akamtua palepale, akarukia mti, akaenda zake. Kanga hawakuuliza mtoto anakula nini. Hawakuuliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Walimwona mzuri, wakamchukua, wakampa jina Mgambo. Mgambo mwenyewe jani likianguka anajificha chini ya Bi Kanga.

Wakamlea kikanga. Wakampa mtama. Mgambo akautazama mtama, mtama ukamtazama Mgambo. Wakamwambia apekue ardhi, chaku chaku chaku, labda atapenda funza. Jioni wakapanda tawini kulala, wakamwita naye apande. Akaruka, pu! akaanguka. Akaruka tena, pu! akaanguka. Bwana Kanga akamwambia mkewe kwamba huyu mtoto ni mvivu. Chini ya mti Mgambo analia: kwii, kwii, kwii. Baada ya siku chache mbavu zake zikahesabika.

Sasa, bonde lile lilikuwa na desturi. Nyumba ikipata mtoto, majirani huja kumwona, na kila ajaye huja na kitu mkononi. Kisha humpakata mtoto. Na mtoto akimkojolea, hakasiriki, kwa kuwa tangu hapo naye ni mzazi wa mtoto yule, na mzazi ana sehemu yake katika kulea.

Kwa Mgambo majirani walikuja. Walikuja mikono mitupu na midomo imejaa.

Ngiri akaja asubuhi, akawaambia kanga kuwa hawana akili. Alipofika nusu ya njia ya kurudi akakumbuka neno jingine, akageuka kuja kulisema. Korongo akaja, akasimama kwa mguu mmoja, akaeleza kwa kirefu jinsi ndege wa heshima wanavyoishi. Hata Ngedere akaja. Ngedere yuleyule. Akatikisa kichwa, akashangaa sana ni nani huyo aliyewapa kanga mtoto wa mbwa. Mnacheka? Kwenu hawapo?

Na wote walisema kweli, hilo silikatai. Lakini wakati wakisema, Mgambo alikuwa katikati yao, kwii, kwii, na hakuna aliyeinama kumtazama. Maneno yao, hata yawe ya kweli vipi, hayanyweki. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Aibu ikawashika kanga. Wakaanza kumwogopa mtoto wao, maana Mgambo akilia majirani wanasikia, na majirani wakisikia wanakuja. Bwana Kanga akaona dawa ni moja: wampeleke kwenye nyasi ndefu, wamwache huko, wakiulizwa waseme ametoroka. Bi Kanga akalia sana. Lakini akaenda.

Njiani wakakutana na Mama Mbuzi na watoto wake pacha. Kanga wakasimama, wakainamisha vichwa, wakangoja kusemwa. Wakangoja. Mama Mbuzi hakuwatazama wao. Alimtazama Mgambo.

"Huyu anakula nini?" akauliza.

"Mtama," akajibu Bwana Kanga, polepole.

Mama Mbuzi alitaka kucheka, tena alitaka kulia. Hakufanya hata kimoja. Akajilaza ubavu, akawasogeza pacha wake, akamwita Mgambo. Fyonz, fyonz, fyonz. Mgambo akanyonya mpaka tumbo likavimba kama ngoma, akalala hapohapo mdomo wazi. Ndipo Mama Mbuzi akawageukia kanga.

"Mlikosea," akasema. "Mlichukua mtoto ambaye hamjui anakula nini, na leo, naona kwa njia mliyoshika, mlikuwa mnakwenda kumtupa. Nimesema mara moja, sirudii. Sasa twendeni nyumbani. Maziwa yangu peke yake hayatoshi, na huyu akiamka ataamka na mkojo."

Wakarudi. Mama Mbuzi akapeleka habari bonde zima: kwa Kanga kuna mtoto, njooni mumwone kidesturi. Majirani wakaja mbio, maneno mapya tayari mdomoni. Ngiri akawa wa kwanza kuvuta pumzi.

"Desturi kwanza, baba," akasema Mama Mbuzi, akamwekea Mgambo mapajani.

Chururuuu.

Ngiri akatulia tuli. Mdomo ukabaki wazi. Mgambo akapelekwa kwa Korongo. Korongo akajitetea kwamba yeye husimama kwa mguu mmoja, mapaja hana. Wakamketisha. Chururuuu. Ngedere akaanza kunyata kuelekea mtini, na aliyemdaka mkia ni Bi Kanga.

"Wewe ulitangulia kumpakata," akasema. "Umalizie."

Chururu, chururu, mpaka tone la mwisho.

Basi wote wakawa wazazi. Ngiri akachimba shimo la kulala mtoto. Korongo akaleta vyura na samaki kutoka kinamasini. Ngedere akapewa viroboto, kutwa anachambua, na akijifanya amemaliza Mama Mbuzi anamwonyesha pembe. Kanga hawakusamehewa. Walizoa uchafu wote, wakamfuata Mgambo kila alikokwenda, mpaka wakamjua mbwa ni nini. Nafasi ya kumsema mtu ikakosekana kabisa.

Mgambo akakua. Akapata kifua, akapata meno. Ila sauti ilikuwa ya kanga. Kicheche alipopita akasikia kichakani cheke-cheke-cheke, akafurahi, akasogea karibu. Hakurudi tena. Bi Kanga akatotoa vifaranga, wakalala juu ya mgongo wa kaka yao.

Halafu siku moja habari zikaenea kwamba Sungura na mkewe wamechukua mtoto wa fisi. Msiniulize wamempata kwa nani. Ngiri akashika njia mbio, mdomo umekwisha kufunguka. Mlangoni kwa Sungura akamkuta Bwana Kanga amesimama. Bwana Kanga akaitazama tu mikono ya Ngiri. Ngiri naye akaitazama. Akafumba mdomo, akageuka, akarudi kwake kutafuta chakula cha mtoto.

Basi, watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, funzo ni hili: mwenzako akichukua kiumbe bila kufikiri, mwambie kweli, lakini mwambie mara moja, na uende na chakula mkononi. Ukienda na maneno matupu, wewe utarudi roho imekutulia, na mtoto atapelekwa kutupwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe uliyeegemea mlango, hebu nipokee mjukuu wangu huyu umpakate. Naona umekuja mikono mitupu.