Jiwe la Nkwimba Luhende

"Almasi ya kweli haikatai kupimwa." Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo mchana, pale mchumba wa dada yenu Holo alipokunja uso baada ya kuulizwa anafanya kazi wapi, nani anamfahamu huko, na kama yuko tayari kwenda kupima damu. Wakubwa wote tulicheka. Yule kijana naye mwishowe akacheka, akajibu yote. Nyinyi mkabaki mnatazamana, na sasa mnataka kujua kama huo ni usemi wa mababu zetu Wasukuma.

Hapana, wajukuu zangu. Methali nyingine nimezikuta duniani, lakini hii ndiyo iliyonikuta mimi. Haijafikisha hata miaka minane. Ilianza na dada yangu, bibi yenu Nkwimba Luhende, mwaka aliotuambia kwamba anataka kununua almasi.

Nyinyi mmemjua akiwa mzee wa kanisa na mwenye shamba la karanga. Hamkumjua alipokuwa mgodini. Alifanya kazi kwenye mgodi mmoja ambao sasa umefungwa, kwa miaka ishirini na saba, kwenye meza ya kuchambulia. Changarawe iliyooshwa humwagwa mezani, nawe unakaa na koleo dogo mkononi, unatenga almasi na mawe ya kawaida. Almasi ghafi haing'ai kama mnavyodhani. Inafanana na kipande cha sabuni ya magadi kilicholowa. Lakini Nkwimba aliijua. Wenzake walisema angeweza kuichagua akiwa amefumba macho, kwa kuipima tu kiganjani.

Kila jioni kabla ya kutoka alipekuliwa. Nywele, viatu, mdomo, pindo la gauni. Miaka ishirini na saba. Na mwaka mmoja jiwe kubwa lilipotea, wakasema limepotelea kwenye meza yake. Walimfungia chumbani siku mbili, na huku nyumbani watu walianza kupita mbali na mlango wetu. Mama yetu alikuwa hai bado. Aliacha kwenda kisimani mchana kwa aibu. Siku ya tatu fundi akalikuta lile jiwe limenasa ndani ya mashine ya kuoshea. Nkwimba akafunguliwa mlango, akaambiwa arudi kazini. Hakuna aliyemwomba radhi. Akarudi, akafanya kazi hadi alipostaafu.

Kwa hiyo aliposema anataka almasi, mimi sikushangaa sana. Alituambia tukiwa tunamenya karanga. "Nimeshika almasi nyingi kuliko malkia yeyote," akasema, "na sijawahi kuwa na hata moja. Nataka yangu. Ndogo. Lakini niwe na risiti yenye jina langu."

Shemeji yetu Gindu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya kaka zetu kufariki, alicheka mpaka akakohoa. "Mafao yako yote ya uzeeni unataka kuyavaa kidoleni? Nunua ng'ombe, mama. Ng'ombe anazaa."

"Ng'ombe ninao, shemeji," akajibu Nkwimba. "Nao hawajawahi kunipekua."

Tukaenda mjini Shinyanga. Tulizunguka maduka ya sonara kutwa nzima. Dhahabu ilikuwepo, na pete za vioo vya rangi zilikuwepo, lakini almasi iliyokatwa na kung'arishwa hatukuiona. Fikirieni, watu wanaolima juu ya almasi! Zetu huchimbwa zikapelekwa mbali, zikakatwa huko, na huku hazirudi. Sonara mmoja ndiye aliyemwambia, "Mama, siku hizi vitu hivyo vinanunuliwa kwenye simu."

Basi Kalunde, mtoto wa Nkwimba, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi Kahama, akaja siku za mapumziko, akamfungulia mtandao. Na hapo ndipo nilipomwona dada yangu akiogopa kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeijua almasi kuliko watoto wake! Alikuwa akiishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Picha haina uzito," akalalamika. "Haina baridi. Nitajuaje?"

Ukurasa wa kwanza waliouona ulijaa mapambo. Bei ilikuwa imekatwa nusu, na chini yake saa ilikuwa ikihesabu dakika zilizobaki kabla ofa haijaisha. Nkwimba akamwambia Kalunde ampigie muuzaji, aweke sauti ya juu sote tusikie. Mwanamume akapokea kwa bashasha. Nkwimba akamwuliza cheti cha jiwe kimetolewa na maabara gani na namba yake ni ipi. Akamwomba pia amrekodie video ya jiwe lenyewe likiwa limewekwa juu ya gazeti la leo.

Sauti ya yule bwana ikabadilika. "Mama, mimi nauzia watu wakubwa. Hakuna anayeniuliza maswali ya namna hii. Kwani huniamini?"

"Sikufahamu, baba. Ndiyo maana nauliza."

"Basi kama huna imani, acha. Wapo wengi wanaolitaka."

"Wape hao," akasema Nkwimba, akamwashiria Kalunde akate simu. Kalunde alinung'unika kwamba bei ile hawataipata tena. Mama yake alirudi kwenye karanga zake.

Ilipita karibu mwezi. Kalunde akaulizia kwa wenzake, akaletewa jina la binti mmoja wa Arusha, Nasieku. Huyu alikuwa mkataji wa vito, amesomea kazi hiyo, na alikuwa na chumba chake kidogo cha kukatia mawe. Almasi alikuwa nazo chache tu, na aliziuza kwa njia ya mtandao. Nkwimba akampigia, na maswali yakaanza. Namba ya cheti akapewa kabla hajamaliza kuuliza. Video ikaja baada ya dakika chache, jiwe likiwa juu ya gazeti la siku ile. Akauliza juu ya rangi. Akauliza juu ya doa dogo aliloliona pembeni, na Nasieku akakubali, "Ndiyo, mama, lipo, na cheti kimeliandika. Ndiyo maana bei yake iko chini kidogo." Siku nne alimpigia. Siku ya tano akaona haya.

"Mwanangu," akasema, "nisamehe. Nakusumbua kama askari."

Nasieku akacheka. Kicheko chake nakisikia hata leo. "Usiombe radhi, mama yangu. Almasi ya kweli haikatai kupimwa. Nikikuletea, usiniamini bado. Mpelekee mthamini. Fedha zako sitazigusa kwa siku kumi na nne. Ukiona shaka yoyote, nirudishie."

Nkwimba akanigeukia. "Umesikia alivyosema?" Akalipa siku ileile.

Kifurushi kilifika Shinyanga baada ya wiki. Tulikwenda kukichukua sote: Nkwimba, mimi, na shemeji Gindu, aliyesema anakuja ili asiwepo mtu wa kumwambia baadaye kwamba hakutuonya. Toka pale tukaenda moja kwa moja kwa mthamini wa mawe aliyekuwa na ofisi karibu na soko, mzee mmoja mtaratibu anayeitwa Bwana Kishosha. Nkwimba akasaini karatasi, akakata utepe, akafungua bahasha ndogo ndani ya sanduku dogo. Juu ya bahasha palikuwa na jina lake, limeandikwa kwa kalamu vizuri kabisa. Akalidondosha jiwe kiganjani.

Lilikuwa zuri, sitawaficha. Hata Gindu alisogea kulitazama. Lakini nilimwona dada yangu akikunja na kukunjua vidole, polepole, kama anayesikiliza kitu kwa ngozi.

"Si lenyewe," akasema.

"Nilijua!" Gindu akaruka. "Nilisema! Kioo!"

"Si kioo, shemeji. Ni almasi. Lakini si yangu. Hii ni nzito."

Bwana Kishosha akalichukua, akaliweka kwenye mizani yake ndogo, kisha akaweka lenzi jichoni akaligeuza taratibu. Ikapita muda. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu. "Mama, kwenye cheti jiwe lako halifiki hata theluthi ya karati. Hili ni nusu karati kamili, na halina doa. Namba iliyochongwa ubavuni nayo si ya cheti chako. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya uliyolipa." Akalishusha kwenye kitambaa. "Kazi yangu nimemaliza. Lililobaki ni lako."

Gindu akasogeza kiti, akashusha sauti ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Mtu aliyekuwa akipiga kelele dakika moja nyuma! "Nkwimba. Mungu amekulipa. Zile siku mbili walizokufungia, leo amekulipa. Weka mfukoni, twende."

Mimi nami, wajukuu zangu, sitadanganya mbele yenu. Moyo wangu ulisema vivyo hivyo. Nilimkumbuka mama asiyekwenda kisimani. Nikawaza, nani atajua?

Nkwimba alilitazama jiwe lililokuwa mbele yake juu ya kile kitambaa cheusi. Kisha akatoa simu.

"Unafanya nini?" Gindu akauliza.

"Nampigia mwenyewe."

"Atakupa tuzo gani?"

"Shemeji," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, "miaka ishirini na saba nilipekuliwa, na kila siku walikuta mikono mitupu. Leo hakuna wa kunipekua. Unataka nianze leo?"

Bwana Kishosha alivua miwani akaanza kuifuta, japo ilikuwa safi.

Nasieku akapokea. "Shikamoo, mama! Limefika?"

"Marahaba, mwanangu. Limefika jiwe. Nisomee namba ya lile la kwangu."

Nasieku akaisoma. Bwana Kishosha akaitikisia kichwa: siyo. Nkwimba akamsomea namba ya lile lililokuwa mezani. Upande wa pili tukasikia droo ikivutwa, karatasi zikipekuliwa, halafu pumzi ya mtu aliyekalia kiti ghafla.

"Mama... lako liko hapa. Niko nalo mkononi. Nilifunga mawili asubuhi ile, nikabadilisha bahasha. Hilo ulilonalo ni la mteja, alishalilipia, anakuja kulichukua Jumamosi. Nimeanza biashara hii mwaka jana tu. Lingepotea hilo, mama, ningefunga."

"Halijapotea. Liko mbele yangu."

"Umejuaje? Kwa mizani?"

"Kwa kiganja," akasema dada yangu. Na hapo ndipo nilipoona kichwa chake kimeinuka, mgongo umenyooka, kana kwamba mtu amemtua mzigo ambao sote tulikuwa tumeshazoea kumwona nao.

Nasieku hakutaka kulituma kwa mtu tena. Alipanda basi, akafika kijijini kwetu kesho yake alasiri, amechoka, miguu imevimba, na lile jiwe dogo likiwa ndani ya kijaruba alichokivaa shingoni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Habari haikai kwa Gindu. Wakabadilishana mawe mbele ya watu wote. Nkwimba akaliweka lake kiganjani, akafumba macho, akasema, "Hili ndilo."

Nasieku alitaka kumrudishia sehemu ya fedha kama shukrani. Akakataa. Alitaka kumpa jiwe jingine kwa bei ya lile. Akakataa pia. "Nililipia hili. Risiti yake ina jina langu. Ukinipunguzia, watu watasema nilipewa." Alichokubali ni kimoja tu: Nasieku alilipachika jiwe kwenye pete kwa mkono wake, palepale barazani, kwa vifaa alivyokuja navyo, na wanawake wote wa mtaa wakiwa wamemzunguka kama wanatazama mtoto akizaliwa. Akakaa kwetu siku mbili. Alipoondoka tulimfungia gunia la karanga.

Na aliyeueneza usemi si Nkwimba. Ni Gindu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaomba dakika moja. Akasema, "Nilimcheka dada huyu. Kisha nilimshauri vibaya. Yule binti wa Arusha alituambia neno juu ya mawe, mimi nimeona ni neno juu ya watu. Almasi ya kweli haikatai kupimwa. Na ikipimwa mahali pasipo na mtu wa kuona, bado ni almasi." Akakaa chini akifuta uso. Watu wakapiga makofi hadi mchungaji akasahau tangazo lililokuwa linafuata. Toka siku hiyo neno likaenda sokoni, likaenda kwenye vikao vya ukoo, likaenda hadi kwenye posa, kama mlivyosikia leo.

Nkwimba analivaa jiwe lake mpaka shambani. Akikutana na mgeni asiyeamini kwamba bibi mwenye jembe begani ana almasi kidoleni, hakasiriki. Anaivua pete, anamwekea mgeni kiganjani, anamwambia, "Shika. Igeuze. Itazame juani, iulizie kokote unakotaka, cheti ninacho." Kisha anangoja, mkono wake mtupu umeshika kiuno, na uso wake ungeuona ungejua kwamba hana haraka yoyote. Almasi ya kweli haikatai kupimwa.