Mbonyeo wa Mlango wa Nyuma

Mbonyeo hauanzwi kitovuni. Mmemsikia mzee wa kanisa akiisema methali hiyo jana kwenye kikao, na leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi kwa sababu vitabuni mmeitafuta hamkuiona. Hamtaiona, wanangu. Bado ni changa. Ilizaliwa gereji, kule Pasua, Moshi, na mimi nilikuwepo, nimeketi juu ya tairi kuukuu.

Baba yetu alipofariki alituachia gari dogo la saluni, la zamani hata kwa wakati ule, la kijani kama jani la mgomba linalofunguka. Kaka yangu mkubwa, Anaeli, ndiye aliyelitunza. Rangi yake ilikuwa ile ile ya kiwandani, haijawahi kuguswa na fundi yeyote, na kaka alilifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Siku moja mdogo wetu, Eliaichi, aliliazima kumpelekea mama mizigo. Akilirudisha nyuma langoni kwa mama, likatumbukia kwenye mfereji. Anaeli akaja, akaketi kwenye usukani, akalitoa. Majirani walikuwa wamesimama wanatazama, naye akawaambia kwa kicheko, "Aliyezoea mkokoteni msimpe gari!" Watu wakacheka. Mara kikasikika kishindo. Mimi nilitoka jikoni mbio, nikakuta mlango wa nyuma, ule ulio nyuma ya dereva, umebonyea, shimo pana kama sahani ya wali. Eliaichi alikuwa ameshapotelea migombani. Majirani walikuwa upande wa pili wa gari, kwa hiyo hakuna aliyeuona mguu. Anaeli akasema, "Amenijia kwa teke. Mimi kaka yake, kama mwizi!"

Lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba teke lile halikutoka kwenye mkokoteni. Eliaichi ndiye aliyemuuguza baba. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Siku ya mazishi Anaeli alisoma wasifu wa marehemu na kutoa shukrani. Aliwataja madaktari, akaitaja kwaya, akamtaja hata mwenye turubai. Mdogo wake hakumtaja.

Wakakaa hivyo, hawasalimiani, mpaka mama akaugua, Mungu akamponya, akataka kwenda kanisani kutoa shukrani. Kanisa letu liko juu mlimani, na magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Tukamwambia gari lipo. Akasema, "Lile ni gari la baba yenu. Nitalipanda wanangu wote wawili wakiwa ndani. Wasipokuwemo, nina miguu."

Tulijua atatoka kwa miguu kweli, na tulijua hatafika.

Eliaichi alipopata habari hiyo alikata jani la isale akanipa nimpelekee kaka. Ninyi mnajua kwetu Wachagga isale haikataliwi. Ukiletewa jani lile, umeombwa msamaha, na huna budi kusamehe. Anaeli alilipokea kwa mikono miwili. "Nimesamehe," akasema, akaliweka juu ya kabati. Basi. Hakwenda kwa mdogo wake wala hakutuma salamu.

Mama akaniuliza, "Wamekula pamoja?"

"Hapana, mama."

"Basi jani limefika, watu hawajafika."

Anaeli akaona angalau atengeneze gari. Kila gereji walimwambia jambo moja: kugonga nyundo, kuziba kwa puti, kupuliza rangi mpya. Naye akakataa. Alisema kijani kile hakichanganywi tena dukani, na mlango ungeonekana kama umeazimwa kwa jirani. Ndipo akasikia habari za Fundi Sheuya, Msambaa mmoja mwenye maneno mengi, anayenyoosha bati bila kugusa rangi. Nikafuatana naye, maana nilitaka kuona uongo huo kwa macho yangu.

Haukuwa uongo. Yule bwana alifungua kava la mlango kwa ndani, akasimamisha taa ndefu pembeni. Mistari ya mwanga ikalala juu ya rangi, na ilipofika kwenye shimo ikajikunja. Akachukua chuma kirefu chenye ncha iliyopinda, akakiingiza ndani ya mlango, akapapasa huku macho yakiwa kwenye mwanga. Halafu akakitoa.

"Nani aliyepiga teke?" akauliza.

"Kwa nini?" Anaeli akakunja uso. "Wewe nyoosha."

"Mzee wangu, bati hurudi kwa njia liliyojia. Nataka nijue mguu ulitokea wapi. Niitie mwenye mguu."

Mpaka leo sijui kama fundi alimhitaji kweli au alikuwa amesoma kitu kwenye uso wa kaka yangu. Nilikwenda mwenyewe kumwita Eliaichi. Njia nzima niliomba, wala sikumbuki niliomba nini.

Eliaichi alipoingia gereji alisimama mbali. Kisha akainama kidogo. "Shikamoo, kaka."

Anaeli akautazama mlango kwanza. "Marahaba."

"Ahaa, ndiye huyu," alisema Sheuya. "Bwana mdogo, ulipiga na nini? Goti?"

"Kisigino."

"Kisigino! Punda wewe. Simama kama siku ile."

Eliaichi akasimama kando ya mlango. Akalipa gari mgongo. Fundi akaitazama miguu yake, akautazama mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndivyo bati lilivyoniambia. Ulikuwa umeshageuka, unaondoka."

Anaeli akainuka kwenye benchi. "Ulikuwa unaondoka?"

"Niliondoka nisije nikakugusa wewe," Eliaichi akasema. "Mguu ulibaki nyuma."

Fundi akacheka peke yake, akaanza kazi. Alisukuma kidogo kidogo pembezoni mwa shimo, huku na huku, na pale ukingo ulipoinuka kama ufizi akaugonga taratibu kwa kijiti cha mti. Ilichukua muda. Uvumilivu ukamwishia kaka.

"Fundi, shimo liko pale katikati. Mbona unalizunguka?"

"Nikikisukuma kitovu sasa, mzee, kitaruka juu kama chuchu, rangi itapasuka, na ukingo utabaki palepale. Huu ukingo ndio unaolibana shimo. Mbonyeo hauanzwi kitovuni."

Chuma kililia ndani ya mlango. Kisha Eliaichi akasema polepole, macho yake kwenye taa, "Ule mkokoteni, kaka. Mbele ya majirani."

"Niliropoka."

"Mwanangu alilazwa, hukuja."

"Nilifika getini," alisema Anaeli. "Nikaona pikipiki yako, nikarudi."

"Ulifika?"

"Na machungwa. Niliyala njiani."

Eliaichi akacheka bila kutaka. Mimi nikajifanya ninafunga kilemba changu upya, ili wasinione uso. Fundi hakuinua kichwa. Tukauona ukingo unalainika, na mistari ya mwanga inaanza kunyooka kutoka nje kuelekea ndani. Nimeona mengi duniani, lakini mikono iliyotulia namna ile, inayojua nguvu na haiitumii yote, nimeiona mara chache.

Shimo likabaki dogo, kama alama ya kidole gumba kwenye ugali. Ndipo Anaeli akasema, wala hakuna aliyemuuliza:

"Siku ya mazishi sikukutaja."

Eliaichi akaacha kuitazama taa, akamgeukia.

"Haikuwa kusahau," kaka akaendelea. "Niliona aibu. Mimi ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyemwogesha baba. Ningelitaja jina lako, watu wangeuliza mimi nilikuwa wapi."

Eliaichi akafuta macho kwa kiganja. "Nilitaka jina tu, kaka. Mara moja."

"Jumapili nitalisema. Mbele ya kanisa zima."

Fundi Sheuya akasukuma mara moja, taratibu. Mwanga ukapita juu ya mlango umenyooka. Rangi haikuwa na ufa hata mmoja. Anaeli akapitisha kiganja, akamshika mdogo wake mkono, akaupitisha na wake.

Jumapili mama alikaa mbele, amevaa kitenge chake kipya, na wanawe wote wawili wamo ndani, mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma. Baada ya ibada kaka alilisema lile jina mbele ya kanisa zima.

Wiki hiyo hiyo wazee wawili wa kwaya waligombana, mmoja akataka mwenzake aombe radhi papo hapo yaishe. Mama akamwambia, "Hebu kwanza ukawasalimie watoto wake." Akawasimulia habari ya mlango, nao wakawasimulia wengine, na maneno ya fundi yakaanza kutembea mlimani.

Kwa hiyo mkiwa na ugomvi, wanangu, msikimbilie pale panapouma zaidi. Anzeni na salamu iliyokatika na mgonjwa ambaye hamkumwona, mkisogea taratibu huku mkimwomba Mungu awape mikono iliyotulia. Mbonyeo hauanzwi kitovuni.