Waliofumba Vinywa Matopeni

Paukwa, enyi mliouzunguka moto huu!

— Pakawa, Bibi! Tutie hofu!

Sogeeni. Hofu njema humlinda mja.

Hapo kale, kando ya hori la bahari lenye mikoko, aliishi mama aitwaye Somoe, mchoma chokaa. Binti yake wa pekee, Riziki, alikuwa karibu kuolewa, naye Somoe aliapa kuipaka nyumba ya harusi chokaa nyeupe kupita nyumba zote za pwani. Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa, na moto wa tanuri hula magogo ya mikoko.

Chini ya mikoko ile, ndani ya tope jeusi, waliishi Wadogo. Jicho halikuwaona, lakini Mola aliwaumba wengi kuliko mchanga, akawapa amana. Majani ya mikoko yalivuta moshi wa dunia kutoka angani, yakaanguka, na Wadogo wakayahifadhi kizani, pasipo hewa. Wakala kidogo. Wakafumba vinywa.

Somoe akakata safu ya kwanza. Jua likalipiga tope. Mapovu yakatokota, na sauti ikatoka chini:

“Somoe, tufunike! Tumefumba vinywa, tumeshika moshi. Ukitufunua tutakula, na tukila tutapumua!”

“Pumueni!” akacheka Somoe. “Nani aliwahi kuogopa pumzi ya tope?”

— Mimi naogopa, Bibi!

Nawe una akili kumshinda Somoe.

Akakata safu ya pili. Mwaka ule bahari ilikuwa ya moto kama maji ya kumkanda mzazi aliyejifungua. Wadogo wakaamka na njaa kuu. Wakala majani ya kale, wakaimaliza hewa iliyomo ndani ya maji, wakautoa moshi kurudi angani. Riziki akawakuta samaki aina ya mwatiko wameinua vinywa juu ya maji, wakihema kama waja Siku ya Hukumu.

“Mama, samaki wanazama!”

“Samaki azame wapi, mwanangu wee? Harusi imekutia wazimu!”

Kufikia jioni hori lilikuwa jeupe kwa matumbo yao.

Somoe akazidi kukata, safu kwa safu, mpaka ukabaki mkoko mmoja, na ukuta mmoja usiopakwa. Sauti ikalia: “Somoe! Tumekula mpaka chini ya nyayo zenu!”

Somoe akainua shoka. Riziki alikuwa ukingoni akifukia samaki waliooza. Ukingo ukamomonyoka. Tope likamshika kiunoni. Likamshika kifuani.

“Mama!”

Akanyoosha mkono, akashika kitu pekee kilichosimama: mzizi wa mkoko ule.

— Akaukata, Bibi?

Shoka lilimponyoka. Somoe akaanguka kifudifudi, akamvuta mwanawe kwa upindo wa kanga, akilia, “Enyi Wadogo, rudisheni moshi!”

“Pumzi iliyotoka hairudi kwa kilio. Tufunikeni. Tutafumba vinywa tena, polepole kuliko umri wako.”

Tanuri likapoa. Mama na binti wakapanda miche ya mikoko mpaka viganja vikachubuka, na Riziki akaolewa penye ukuta mtupu.

— Na samaki, Bibi? Walirudi?

Wachache, wanangu. Wachache.

Basi shikeni hili: Mola huweka amana nzito kwa walio wadogo. Msimdharau msiyemwona, wala msifunue alichokisitiri Muumba. Na aliyekosa asikae kulia tu. Ashike mche, apande.

Hapa ndipo hadithi yangu inapotua. Asiyeogopa na aogope. Aliyeogopa, na alale kwa amani.