Kofia ya Sufu

Kulikuwa na mkunga mmoja, ndugu zangu. Vichanga aliowapokea hawana idadi, na sheria yake ilikuwa moja: mtoto mchanga haonjeshwi baridi. Basi bintiye akajifungua, na siku ya sita ikaonekana moyo wa mtoto una kasoro. Sharti apasuliwe.

"Moyo tutausimamisha kwa muda," daktari akamwambia. "Damu isipofika kichwani, ubongo unaumia. Kwa hiyo tutampoza mwili mzima, na kichwa tutakizungushia barafu. Ubongo ukipoa unatulia, unavumilia."

"Barafu? Kwa kichanga?" Mkunga akaruka. "Mwanangu, mimi nimeanza kuzalisha wewe hujazaliwa!"

Saa tano nzima za upasuaji hakukaa. Anasimama, anafika mlangoni, anarudi. Mkononi ana kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ameisokota hadi imekuwa kamba. Anaogopa, jamani. Nani kati yenu angekaa?

Mwishowe akaitwa. Mtoto yu hai, kalala wazi bila nguo, mipira kila mahali. Akamgusa mguu: baridi. Muuguzi akageuka kutazama mashine, na mkunga akaona hii ndiyo nafasi. Kofia hiyo, inakwenda, inakaribia kichwa!

Muuguzi akaudaka mkono. "Mama! Tunampasha polepole, kwa kipimo. Joto likimzidi sasa, ubongo tulioulinda tangu asubuhi utaharibikia mikononi mwako."

"Mwangu mimi?"

"Mwako, mama."

Mkunga akarudi kwenye kiti. Akaikunja kofia, akaikalia, na mikono yote miwili akaikalia. Machozi yakamtiririka asiweze kuyafuta. Mtoto akapona.

Sasa niambieni, ni barafu iliyotaka kumwangamiza mtoto yule? La! Ni kofia. Tena kofia ya mtu aliyempenda kuliko wote mle ndani.

Na sisi je? Tunafunga, tunakesha, tunamkabidhi Mungu mtoto wetu, ndoa yetu, mgonjwa wetu. Halafu tukidhani hatazami, tunachomoa kofia. Kijana anapitia baridi inayomponya, sisi mbio kumfunika, na tunaita huruma. Wewe wa hapa mbele, nawe uliyejibanza kule nyuma, kofia yako umemfumia nani? Ikalie. Na mikono yako, ndugu yangu, ikalie pia.