Tarumbeta Agoma Kuachia Jani

Kiangazi kilipokaza, maji yaliyotuama katika alama ya ukwato wa ng'ombe yalianza kukauka. Wenyeji wake walikuwa vijidudu wasioonekana kwa macho, kila mmoja seli moja tu, wakiogelea kwa kupiga vinyweleo vilivyowaota mwilini. Seli moja, lakini kiburi cha baadhi yao kingejaza ziwa.

Aliyewazidi wote kwa kiburi ni Tarumbeta, mwenye mdomo mpana na mguu ulionata juu ya jani bovu. Jani hilo aliliita Ikulu.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "pigeni vinyweleo kuelekea kwangu! Mkondo ulete chakula Ikulu, nami nitakigawa kwa haki."

Wakapiga. Mkondo ukaleta bakteria wanono, Tarumbeta akawameza wote. Haki ikabaki kwenye hotuba. Mlinzi wake Pipa, mlafi asiyejua kutosheka, alizoa makombo huku akiwafokea waliochoka: "Mzalendo halalamiki!"

Miongoni mwao alikuwamo mjanja mmoja, Ndara, mwenye desturi yake: akigonga kitu, hurudi nyuma, hugeuka kidogo, hujaribu tena. Pipa hakuisha kumcheka.

"We kipofu, leo umegonga wapi?"

"Kila mahali, kaka. Ndiyo maana najua mlango ulipo."

Kweli aliujua. Ukwato wa ng'ombe una pande mbili, na upande wa pili shimo lilikuwa refu. Maji yake yangedumu mpaka mvua. Lakini katikati palikuwa na tuta la tope, na maji ya kupita juu yake yalikuwa yamebaki utando tu.

"Mheshimiwa, tuvuke sasa," Ndara alisema. "Tuta likichomoza, tutakauka hapa hapa."

"Kule kuna sumu!"

"Ulifika lini, mzee, na mguu hujawahi kuunyanyua?"

Wadogo wakaangua kicheko. Tarumbeta akavimba. "Kiongozi haogelei! Kiongozi huletewa!"

"Haya, basi jua litakuletea." Ndara akawageukia wenzake. "Jamani, vinyweleo hivi ni vyenu au vyake? Pigeni kinyume!"

Wakapiga kinyume. Mkondo ukageuka, ukawasukuma hadi tutani, wakavuka matumbo yakisugua tope.

Mdomo mpana ukabaki wazi, hauingii kitu. Ndipo Tarumbeta alipoogopa. "Pipa, twende!"

"Tangulia, mheshimiwa," Pipa alijibu, huku akilisogelea jani.

"Nitangulie ili ukalie kiti changu? Tangulia wewe!"

"Adabu hainiruhusu. Wewe kwanza!"

"Nasema wewe!"

Wakiwa katika heshima hizo, tuta likachomoza. Upande wao ukawa tope, tope likawa vumbi, na Ikulu ikapeperushwa na upepo.

Ng'ambo, mkondo haukuwa na mwenyekiti, na kila mmoja alishiba hadi mvua iliponyesha.

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.