Tabaruku ya Tusekile

Nikisema sogeeni, ninyi semeni tumesogea. Mwenye simu aigeuze kifudifudi, maana hadithi yangu ya leo ina kompyuta ndani yake na sitaki ishindane na nyingine. Haina sungura wala fisi. Ina watu watatu wenye vipaji, na kila kipaji, msinicheke, majirani walikiita kasoro.

Wa kwanza ni Ambakisye, karani wa chama cha wakulima wa chai kule Tukuyu. Kipaji chake ni kuuliza kabla ya kuchukua. Mtume kiberiti, atamuuliza mwenye duka kama njiti zake zinawaka siku ya mvua. Majirani walimwita bahili.

Wa pili ni Subilaga, shangazi yake Ambakisye. Kipaji chake ni kutaka kujua. Chungu cha jirani kikiinjikwa, yeye anajua kitakachopikwa kabla chumvi haijatiwa. Majirani walimwita mbea, ila habari zikiwapotea walikwenda kumuuliza yeye.

Wa tatu ni Gwamaka, mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Kipaji chake ni mikono. Mpe ukurasa uliopinda kwenye kompyuta, ataunyoosha mpaka mistari isimame kama askari wa gwaride. Majirani walimwita mwenye majivuno, na hapo, kusema kweli, hawakumwonea.

Katikati yao yupo Tusekile, mdogo wake Ambakisye, aliyesoma na Gwamaka mwaka wa mwisho. Huyu ndiye aliyebeba mzigo, basi tumfuate yeye.

Ili ahitimu, Tusekile alitakiwa kuandika ripoti ya utafiti. Alichagua kuchunguza kwa nini watoto wanakosa shule msimu wa kuchuma chai. Mama yake akamnunulia kompyuta iliyokwisha kutumika, nzima kabisa, ila ndani haikuwa na programu ya kuandikia. Wakakaa sebuleni kuamua iwekwe ipi. Gwamaka naye alikuwepo, kwa sababu palipo na kompyuta hakosekani.

"Nitakuwekea ile kubwa inayolipiwa," alisema Gwamaka. "Lakini ya kwetu hatutailipia. Nina iliyochakachuliwa."

"Ya wizi," alisema Ambakisye. "Ikigoma siku ya kukusanya kazi, atakwenda kumlalamikia nani?"

"Basi atumie ya mtandaoni. Anaandika hukohuko, inajihifadhi yenyewe."

"Mvua ya hapa ikinyesha mtandao unalala, na unajua mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa. Mdogo wangu, hebu niambie kwanza. Kazi yako hasa ni ipi?"

Tusekile akamweleza. Ataandika ripoti. Atapiga hesabu za madodoso. Mama atatumia kuandika mihtasari ya kikundi chao cha akina mama. Basi.

"Kwa hayo," alisema Ambakisye, "ipo programu ya bure, ya halali, inayofungua hata mafaili ya ile kubwa. Haidai bando wala haiishi muda. Nakala yake ninayo kwenye flashi, naweza kuiweka kwenye kompyuta yoyote hata gizani."

"Rahisi ghali, kaka," alicheka Gwamaka.

Tusekile naye alicheka, na ndani yake aliona aibu kidogo. Wenzake wote chuoni walitumia ile kubwa. Lakini kaka ni kaka. Programu ya bure ikawekwa, na miezi yote iliyofuata Gwamaka hakumwita Ambakisye kwa jina tena. Alimwita Bwana Bure. Ambakisye alisikia, na flashi yake akaendelea kutembea nayo mfukoni.

Shangazi Subilaga yeye hakujali programu. Alichojali ni habari. Alipopata fununu kwamba wazazi wa vijiji vya jirani wamehojiwa na majibu yao yameandikwa, hakulala vizuri.

"Nitumie nisome," alimwambia Tusekile.

"Shangazi, majina hayamo. Nimeandika Mzazi wa Kwanza, Mzazi wa Pili, hivyohivyo."

"Wewe tuma. Majina nitayapata mwenyewe."

Basi ikawa desturi. Kila jioni, Tusekile akimaliza kuandika, alimtumia shangazi faili zima kwa simu, kisha akalifuta kwake, maana simu yake ndogo ilikuwa imejaa. Asipotuma, ujumbe unaingia: Ya leo haijafika. Kisha maswali. Huyu Mzazi wa Saba anayesema mwanawe ana malaria kila Jumatatu, si yule mwenye mbuzi mweupe? Tusekile hakujibu, maana ni siri ya utafiti, lakini alituma. Ilikuwa rahisi kutuma kuliko kubishana.

Na Gwamaka? Huyo alimtengenezea majedwali. Aliyatengeneza kwenye kompyuta yake, kwa ile programu yake ya wizi na maandishi yake ya madoido, kisha akayaingiza kwenye ripoti. Yalipendeza kweli. "Uone kazi ya wakubwa," alimwambia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo jambo lilipoharibikia.

Mnajua nyumba zetu. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio inavaa kitambaa, kiti kinavaa kitambaa, na kompyuta ya Tusekile mama aliifumia chake, cheupe, chenye maua pembeni, akakipiga wanga mpaka kikasimama. Kila ilipozimwa aliifunika na kuipandisha juu ya kabati, mahali mgeni akiingia anaiona. Aliitunza kwa mapenzi, jamani, tusimlaumu.

Jumapili moja, ripoti imekwisha na mwisho wa kuipokea ni kesho yake saa kumi, wote walikwenda kanisani. Mvua ikanyesha. Juu ya lile kabati bati lilikuwa na tundu la msumari ambalo hakuna aliyelijua. Tone likadondoka, na lingedondokea chuma pengine lingeteleza chini. Lilidondokea kitambaa. Kitambaa kikalinywa, kikanywa na la pili, kikaikumbatia kompyuta kwa maji ibada yote na matangazo yake.

Waliporudi, Tusekile aliibonyeza haikuwaka. Aliipindua, maji yakamwagika miguuni pake. Akaketi sakafuni. Aliwaza chuo, aliwaza mwaka mzima wa kurudia, aliwaza wenzake wakivaa majoho naye amesimama nje ya uzio. Mama alishika kile kitambaa kilichochuruzika, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyeifunika." Tusekile alitaka kumwambia si kosa lake, akaishia kukipokea na kukikamua.

Shangazi Subilaga alifika bila kuitwa. Msiniulize alijuaje.

"Ya jana jioni ninayo," alisema. "Ninazo zote, lakini ya jana ndiyo kamili. Nilikuwa namalizia kusoma mapendekezo. Mafupi mno, kwa maoni yangu."

Alitoa simu. Faili lilikuwamo, zima, mpaka nukta ya mwisho. Tusekile alimkumbatia shangazi na simu yake pamoja.

Lakini simu ni ya kusomea, na chuo kilitaka ripoti iliyochapishwa. Mtandao ulikuwa umelala na maduka ya uchapaji yamefungwa. Ambakisye akasema, "Twendeni ofisini kwangu, ufunguo ninao." Wakaenda, wakaunganisha simu kwa waya wa chaji, faili likahamia kwenye kompyuta ya chama. Humo ilikuwemo ile programu kubwa, ya halali, ila muda wake wa malipo ulikuwa umekwisha. Ilikubali kusoma ikakataa kuandika, na faili lililotoka kwenye programu ya Bwana Bure ililifungua kwa shingo upande. Ambakisye alitoa flashi mfukoni, akaweka programu yake, bila mtandao, bila kumwomba mtu. Ripoti ikafunguka.

Ikafunguka, ndiyo. Lakini yale maandishi ya madoido ya Gwamaka kompyuta ile haikuwa nayo. Majedwali yalikuwa yameteleza kama ndizi zilizomwagika sokoni, jingine limepanda juu ya jingine, namba za kurasa zimepotea, yaliyomo yanasema utangulizi uko mwishoni. Na chuo kile kilikuwa na sifa moja: ripoti iliyopinda inarudishwa mlangoni.

Gwamaka aliitwa, akaja amelowa. Alitazama kioo, akatazama chini. "Haya ni yangu," alisema. "Na kompyuta yangu iko kwa fundi. Nipisheni kiti."

Alikaa. Alinyoosha jedwali moja baada ya jingine mpaka giza lilipoingia, na asubuhi alikuwa kitini tena kabla Ambakisye hajamaliza chai. Mnajua kilichokuwa kwenye begi lake? Ripoti yake mwenyewe, iliyobakiza sura ya mwisho. Hakuigusa. Tusekile alipomkumbusha alijibu, "Yangu inaweza kuchelewa. Sura za mwanzo chuo kinazo, kwa hiyo watanipunguzia maksi, hawatanifukuza. Yako hawajaona hata ukurasa mmoja."

Saa kumi haijafika, Tusekile aliweka ripoti mezani kwa msimamizi wake, Mwalimu Kajange. Mwalimu alipitisha kidole pembeni mwa kurasa, akatazama majedwali, akagonga mhuri. Tusekile alitoka nje, akaegemea ukuta. Alicheka peke yake mpaka mlinzi akamuuliza kama yu mzima. "Ni mzima," alisema. "Leo ndiyo mzima hasa." Jioni mama alipika ndizi na nyama kwa wote, na kile kitambaa kilikuwa kimeanikwa kambani, kimestaafu.

Mnadhani imekwisha? Ingekuwa imekwisha ningewaruhusu mkalale.

Juma lililofuata Mwalimu Kajange alimwita. "Kazi nzuri, imepita. Sasa ikatiwe jalada gumu ikae maktaba. Ila hukuandika tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo wa kumtunukia mtu kazi yako. Ni mtu mmoja na sentensi moja. Kuna mwaka mmoja mwanafunzi aliandika ukoo mzima, kurasa mbili, na shemeji akabaki ananung'unika. Tangu hapo ni jina moja tu. Kesho iwe hapa."

Tusekile hakuona ugumu. Alikwenda ofisini kwa kaka yake, akaandika jina la mama. Mama alipoambiwa alikataa.

"Mwanangu, mimi niliilowesha. Nikisoma jina langu pale nitaona maji. Andika jina la aliyeiokoa."

"Waliiokoa watatu, mama."

"Basi hapo mimi simo," alisema mama, akarudi jikoni.

Watatu walipopata habari, na mnajua zilipitia kwa nani, walikusanyika sebuleni wakicheka, ila kila mmoja alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mimi sidai," alisema Ambakisye, "lakini bila programu yangu nakala mngeitazama kama picha ya harusi ya jirani. Nilitukanwa miezi yote hiyo, nikavumilia."

"Ulikwepa kulipa, kaka," alisema Gwamaka. "Ukajikuta shujaa."

"Nilisema mtandao utalala. Nilisema kwenye kiti hikihiki."

"Na bila simu yangu," alisema shangazi, "hiyo programu mngeifungua mtazame nini? Weupe?"

"Shangazi, hukuitunza, uliichungulia," alisema Gwamaka.

"Jicho langu na liitwe linavyoitwa. Faili lilikuwepo, halikuwepo?"

"Lilikuwepo, shangazi. Lakini lingefika chuoni limepinda, likarudishwa. Mimi niliacha yangu nikanyoosha lake. Hawa wawili hawakupoteza kitu."

"Fundo ulilifunga mwenyewe," alisema Ambakisye. "Majedwali yalipindishwa na madoido yako."

"Nililifunga. Na nani mwingine angelifungua?"

Wote wakamgeukia Tusekile, na Tusekile aliwapenda wote watatu kwa namna iliyomuumiza. Kesho yake mapema alikwenda kwenye kompyuta ya chama. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika neno moja, Kwa, kisha mkono ukasimama. Kile kimstari cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima, kinamngoja. Kila jina alilolianza aliliona liko sawa, na kila mara aliona wawili wamesimama mlangoni.

Tunajua kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vikishavunja, pete inavaliwa na kimoja.

Sasa mimi nimenyamaza, semeni ninyi. Je, ni Ambakisye, aliyechagua vizuri kabla ya shida, hata kama alichagua kwa mkono mgumu? Ni Subilaga, aliyekuwa na kitu chenyewe, hata kama alikipata kwa udaku? Au ni Gwamaka, aliyejinyima ili kunyoosha alichokipinda? Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe unayetikisa kichwa kana kwamba ni rahisi, je, ungeandika jina la nani?

Amueni upesi. Simu ya Tusekile imelia sasa hivi pale mezani, na ujumbe ni wa shangazi: Ya leo haijafika.