Sultani Alivyokula Karamu na Kuku

Hapo zamani, zama ambazo hata panya akitaka kuingia jikoni alipiga hodi kwanza, palikuwa na mji uitwao Mtangamoyo, na mji huo ulikuwa na sultani, jina lake Mwinyi Fakihi. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, msije mkamsingizia. Ila alipenda mayai kupita kiasi, na alipenda kusifiwa kupita mayai.

Basi mjini humo aliishi fukara mmoja akiitwa Vuai, mvivu wa mikono lakini si wa ulimi, na mkewe Bi. Kidawa, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalisha wote wawili kwa kufuga kuku. Kuku wa Kidawa walilala katika banda la fito lililoinuliwa juu ya miguu minne na kuezekwa makuti. Upepo uliingia huku ukatokea kule, na kinyesi kilidondoka chini kikaenda zake. Banda lenyewe lilikuwa limeinama upande kama mlevi anayetafuta kiatu chake, na kila apitaye alilicheka. Lakini mayai yake sasa! Kidawa akienda kuokota asubuhi alirudi kanga imemjaa.

Sifa zikamfikia Sultani. Akaletewa yai, akala. Akaletewa jingine, akala, akafumba macho, akasema, "Lahaula! Kuku wenye mayai haya walale juu ya fito? Waletwe kwangu wote, niwajengee jumba, na mwanamke huyo aje awatunze."

Ikawa kama alivyosema. Fundi akajenga jumba la mawe na chokaa, na kwa kuwa alikuwa fundi anayejua kazi yake, akaacha madirisha mawili, moja ukuta huu na jingine ukuta wa pili, yakitazamana. Sultani alipokuja kukagua akang'aka. "Matundu haya ya nini? Kicheche apite? Ziba!" Fundi akaziba kwa kokoto na udongo, akapaka chokaa juu, ukuta ukawa mweupe pepepe, usingejua kama palikuwa na dirisha. Ndani pakatandikwa mazulia, pakatundikwa mapazia ya mahameli, na katikati pakawekwa chetezo cha shaba kizito, kikifuka ubani kutwa. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulitazama jua la alasiri.

Kidawa akathubutu kusema, "Maulana, uniwie radhi, hapa pumzi itapita wapi?" Sultani akamjibu, "Bibi, hapa hapapiti pumzi, hapa panapita heshima."

Kisha akapiga mbiu mji mzima: "Hawa si kuku tena, ni wageni wangu! Mwenye kuwaita kuku atachapwa. Na mwenye kutoboa ukuta wa jumba lao, awe nani awe, atatoka Mtangamoyo kabla jua halijatua, mkeka wake kwapani. Naapa kwa kilemba changu!"

Watu wakawa na adabu ya ajabu. Sokoni mchuuzi mmoja alisikika akinadi, "Wageni wanono hawa, nakuchinjia sasa hivi!" na watu wawili waliotoka bara siku ile wakatimua mbio hata mizigo wakaisahau.

Lakini wageni wenyewe, ndani ya jumba lao, hali ikawa mbaya. Siku za kwanza walitaga kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha hata ganda halikuonekana. Waliketi midomo wazi, mabawa wameyaachia, mtama wakautazama tu. Mazulia yakashika kinyesi, joto likakipika, ubani ukachanganyika nacho, ikatoka harufu ya kumtoa machozi mfiwa na asiyefiwa.

Sultani akakosa yai la asubuhi, akakasirika. Waziri wake, Badawi, ambaye hajawahi kutia hata unyayo ndani ya jumba lile, akasema kwa haraka, "Maulana, ni yule mwanamke. Kawafunga uzazi wageni wako, kijicho chake tu!" Na Sultani, tumbo tupu, akasadiki. Akahukumu kwamba Ijumaa baada ya sala, kama hakuna yai, Kidawa atatolewa mjini.

Kidawa akarudi nyumbani macho mekundu. Vuai akadhani ni moshi wa ubani, kumbe analia.

"We Vuai," akasema, "mimi naambiwa mchawi. Mji niliozaliwa, nitoke na mkeka kwapani kama mwizi. Na wewe umelala hapo, unahesabu makuti!"

Vuai akaketi. Aliogopa, maana mwanamke yule ndiye dunia yake yote, na pia, tusimfiche, hakujua hata kuchemsha maji. "Mke wangu," akasema, "dawa yao unaijua?"

"Dawa gani? Wanataka hewa! Hata wewe nikikufungia ndani na mavi yako na ubani, utataga?"

"Hata penye hewa sijawahi kutaga," akasema Vuai. Kidawa akamrushia kanga, lakini alikuwa amekwisha kucheka, na Vuai alipoona kacheka akapata nguvu, akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda zake barazani kwa Sultani.

Akawakuta wazee wote wameketi. Akainama. "Nashika miguu, Maulana. Nimekuja kwa ajili ya wageni wako."

"Una jipya?" akasema Sultani. "Basi wafanye watage. Lakini ukuta usitobolewe, mlango usiachwe wazi, na mgeni asitolewe nje hata mmoja. Ukiweza, mkeo amepona. Usipoweza, Ijumaa mtabeba mkeka pamoja."

Wazee wakatikisa vichwa, maana hapo palikuwa pagumu. Vuai akajikuna. "Maulana, sitatoboa, sitafungua, sitatoa. Ila wageni wana lalamiko. Wanasema tangu waje, mwenyeji hajala nao hata tonge moja."

Baraza zima likamgeukia Sultani. Kwani katika mji wa Mtangamoyo hapakuwa na aibu kubwa kama hiyo. Mgeni hukaribishwa sinia moja na mwenye nyumba. Tena ada yao ilikuwa hivi: mwenyeji hatii mkono sahanini kabla ya mgeni, wala hainuki mpaka mgeni amekula. Mtu aliweza kusamehewa kuiba ng'ombe, lakini si kula kabla ya mgeni wake.

Sultani akatazama huku, wazee wanamtazama. Akatazama kule, wazee wanamtazama. "Nani kasema nimewanyima?" akafoka. "Ijumaa baada ya sala, pilau ya mbuzi! Nitakula nao mimi mwenyewe, na Waziri wangu pia!"

"Mimi, Maulana?" akasema Badawi.

"Si wewe ndiye unayejua habari zao?"

Basi Ijumaa ikafika, na jua la siku ile lilikuwa limeamka na hasira. Mji mzima ukaja kusimama nje ya jumba. Kidawa naye alikuwapo, mkeka kwapani, kwani askari walikuwa wamekwisha kumpa. Vuai alipouona mkeka ule akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akabeba sinia, akaingia nyuma ya Sultani aliyevaa joho zito la dhahabu na kilemba kikubwa cha hariri. Waziri akaingia wa mwisho, pua kaiziba kwa kanzu. Mlango ukafungwa, kama ilivyoamriwa.

"Ah!" akasema Sultani. Hakusema zaidi, maana alikwisha kuvuta pumzi, na aliijutia.

Wakaketi juu ya zulia, nalo likalia chwa! Vuai akaweka sinia ya pilau, na kando yake mtama na mapapai. Pilau ikanukia kidogo, ikashindwa.

"Maulana, wakaribishe."

"Karibuni wageni," akasema Sultani, machozi yakimtiririka. Wageni wakamtazama, midomo wazi. Hakuna aliyeinuka.

"Karibuni, jamani!"

Kuku mmoja wa kishungi, aliyekuwa kipenzi cha Kidawa, akafumba jicho moja.

Jasho likaanza kumtoka Sultani chini ya kilemba. Akakivua, akakitupa pembeni. Akavua joho. Akanyoosha mkono kwenye pilau, na Vuai akakohoa. Sultani akaurudisha mkono.

"Vuai, kwa nini hawali?"

"Naona wanamngoja mwenzao, Maulana."

"Mwenzao nani?"

"Upepo. Yuko nje tangu juma lililopita, anazunguka nyumba, hapati pa kuingilia."

"Fungua mlango!"

"Maulana amekataza."

"Basi toboa ukuta!"

"Mimi? Maulana, kiapo chako! Mke wangu tayari ana mkeka, tukiwa na miwili atanichekelea."

"Badawi! Toboa!"

Waziri alikuwa amelala kifudifudi, pua kwenye upenyo wa chini ya mlango. "Nisamehe, Maulana," akasema kwa sauti ya mbali, "hata mimi naupenda mji huu."

Hapo Sultani akashindwa. Akainuka, akakamata chetezo cha shaba kwa mikono miwili, akaupiga ukuta pale pale fundi alipoziba. Pu! Pu! Kokoto zikaporomoka, mwanga ukaingia. Akatoa kichwa nje, uso mweupe kwa chokaa, akapiga kelele mbele ya raia wake wote, "Haaaa! Hewa!" Watoto wakakimbia wakidhani ni zimwi. Watu wazima wakaangalia chini, mabega yakiwatikisika.

"Mbona haingii ndani?" akauliza alipogeuka.

"Upepo una adabu, Maulana," akasema Vuai. "Hauingii nyumba ambayo hauoni pa kutokea."

Sultani hakungoja tafsiri. Akavuka zulia, akaupiga ukuta wa pili, dirisha la pili likafunguka. Na hapo, fyuuu! Upepo ukapita katikati, mapazia yakaruka, harufu ikatoka kama mdeni aliyemwona anayemdai. Wageni wakafunga midomo, wakajikung'uta. Yule wa kishungi akasimama, akatembea kwa maringo hadi kwenye sinia, akaupuuza mtama, akarukia katikati ya pilau, akadonoa nyama.

"Mgeni kaanza!" akapiga kelele Sultani, akatia mkono hadi kiwiko.

Walipotoka nje, Sultani alikuwa ameshiba, na akili zilikuwa zimemrudia. Akamwona Kidawa. Akatazama mkeka ulio kwapani mwake, uso ukamshuka.

"Mwanamke," akasema, "mimi nimekaa mle muda wa sinia moja tu ya pilau. Lau ningekuwa kuku nisingetaga hata unyoya."

"Wageni, Maulana," akanong'ona Badawi.

"Kuku!" akafoka Sultani. "Ni kuku, na nyumba wanayoijua ni ya mama huyu. Kidawa, nisamehe, nimekudhulumu. Jumba ni lako, lirekebishe utakavyo. Na mazulia yale atayafua Waziri kwa mikono yake."

Watu wakapiga vigelegele. Kidawa akautua mkeka. Lakini Vuai akauokota, akaupangusa vumbi, akamsogelea Sultani, akainama.

"Maulana, kuna aliyetoboa ukuta."

Vigelegele vikakatika. Sultani akatazama magharibi. Alikuwa ameapa kwa kilemba chake, na jua lilikuwa linashuka.

"Vuai," akasema kwa sauti ndogo, "unanifukuza mjini mwangu?"

"Hasha! Kiapo kilisema kutoka, Maulana. Kurudi hakikukukataza."

Sultani akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akautia mkeka kwapani, na mji mzima ukamsindikiza kwa ngoma mpaka nje ya lango. Akautandika, akaketi kitambo, akapiga chafya ya chokaa, akainuka, akabisha hodi katika mji wake mwenyewe. "Karibu mgeni!" wakaitikia wote.

Kidawa akatupa mapazia, akatandaza majani makavu, na siku hazikupita nyingi mayai yakarudi. Ndipo Sultani akakumbuka kilemba chake kilichobaki pembeni mle ndani, akaenda kukichukua. Akamkuta yule wa kishungi kakalia katikati ya hariri, anaatamia mayai yake, wala hatishiki. Sultani akanyoosha mkono. Kuku akautazama mkono.

"Maulana," akasema Kidawa kutoka mlangoni, "mgeni huinuliwa?"

Ikawa Sultani wa Mtangamoyo alitawala kichwa wazi, barazani na msikitini, mpaka vifaranga walipotoka. Na mimi niliyewasimulia, yai la kuku yule nililila, na ganda lake nimewaachia ninyi.